Mkanda wa harusi ya mama, eti mashine inasema ni mali ya watu!

Wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi, vitenge na nani kamwacha nani. Nataka tuzungumze kuhusu vitu vilivyolala chini ya kabati la televisheni, pengine hata hapo kwako: mikanda ya video ya zamani na sahani za DVD. Kuanzia Shangani hadi Magomeni, Mikindani hadi Msimbati, wazee wetu waliojaliwa kuwa na deki hawakosi rundo lake. Walinunua kwa fedha zao, nyingine fedha ya korosho iliyotoka jasho kweli kweli. Sasa swali langu ni hili: hivi vitu ni vyao?

Najua utasema, "Huyu mtoto vipi, kitu nimenunua mwenyewe kisiwe changu?" Ngoja kwanza. Ukinunua sufuria, unapika wali, unapika mihogo, ukitaka unamwazima jirani. Sufuria haiulizi. Lakini video si sufuria, bwana. Ndani yake kuna kufuli, na ufunguo wake kabaki nao mtu aliye mbali sana, ambaye Mtwara hata kwenye ramani hajawahi kuitafuta.

Tuanze mbali kidogo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo kule Dar es Salaam. Kwa hiyo huku kwetu video iliitangulia televisheni. Wakubwa wananisimulia kwamba mtu alikuwa na luninga sebuleni miaka nenda miaka rudi bila kituo hata kimoja cha kutazama. Kazi yake ilikuwa kuchezesha mikanda tu. Mikanda yenyewe ililetwa na mabaharia, wafanyabiashara na wenye ndugu Uarabuni. Kumbuka pia kwamba kabla Daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, masika ikikolea Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Mkanda mmoja wa Kihindi ukishaingia mjini ulizunguka nyumba kwa nyumba mpaka picha inaanza kunyesha mvua. Mwenye deki mbili akaunganisha waya, akatoa kopi. Hapo hapakuwa na ujambazi wa kupanga. Duka la mikanda lilikuwa wapi?

Lakini kule ilikotoka mikanda, wenye filamu walikuwa hawalali. Makampuni ya Hollywood yaliishitaki kampuni ya Sony kwa sababu deki zake za Betamax zilimwezesha mtu kurekodi televisheni nyumbani. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1984 Sony ikashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji wakasema mtu akirekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye, hajavunja sheria. Kura moja tu ndiyo iliyookoa deki, msomaji!

Wenye filamu waliposhindwa kwa sheria, wakaja kwa ufundi. Mwaka 1985 ukaanza kutumika mtambo wa kampuni iitwayo Macrovision. Ujanja wake ni huu. Picha ya video ina sehemu ya juu ambayo jicho halioni kwenye kioo. Humo wakapenyeza mawimbi ya uongo. Luninga haishtuki, inaonyesha filamu kama kawaida. Lakini deki inayorekodi ina kifaa cha kupima nguvu ya picha, na kile kifaa kinadanganyika. Kinadhani picha ina mwanga mno, kinaipunguza; kinadhani umepungua, kinaiongeza. Matokeo yake kopi inakuwa kama mtu anachezea swichi: giza, mwanga, giza, mwanga. Ukiwahi kuona mkanda wa kopi wenye maradhi hayo, usimlaumu fundi. Ndilo kufuli lenyewe lile.

Ikaja DVD. Hapa sasa wakatugawa kama Wazungu walivyotugawa Berlin. Dunia ikakatwa maeneo 6, kila eneo na namba yake, na deki ya namba hii haichezeshi sahani ya namba ile. Tanzania tumepewa namba 5. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, nao ni 5. India 5. Lakini Dubai, Oman na Uingereza ni 2, na Marekani ni 1. Halafu sikiliza maajabu: Afrika Kusini haimo kwa Waafrika wenzake wengi, imetiwa namba 2 pamoja na Ulaya. Nani aliulizwa? Hakuna.

Haya mambo ya namba mimi niliyajua nikiwa darasa la sita, kabla hata sijajua kuyaeleza. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikwenda Sauzi kutafuta maisha. Alipita njia ile ile ya vijana wengi wa huku: Kilambo, kuvuka Ruvuma, Palma, Mocímboa da Praia, na kuendelea kushuka kusini. Mwaka 2011 akarudi. Katika begi lake, pamoja na viatu vya baba mkubwa na sufuria za mama mkubwa, kulikuwa na DVD 14. Siyo za mtaani. Halisi, kasha gumu, karatasi ya kung'aa, kanunua dukani na bei zake bado zimebandikwa. Kwa kijana aliyekuwa akilala watu 8 chumba kimoja, hizo zilikuwa hela za kujinyima.

Watoto wa mtaa mzima tukajaa sebuleni. Deki ya baba mkubwa ilikuwa ya jina kubwa, kainunua Dar kwa malipo ya msimu mzuri. Kaka akatia ya kwanza. Kioo kikaandika maneno ya Kizungu: sahani hii si ya eneo lako. Akatia ya pili, maneno yale yale. Akatia mpaka ya kumi na nne. Kaka wa watu jasho linamtoka, na watoto hatuna adabu, tumeanza kucheka. Baba mkubwa akasema, "Mwanangu, wamekuuzia za bandia."

Neno lile lilimuuma kaka kuliko safari yote aliyotembea. Maana hazikuwa za bandia hata kidogo. Kosa lake ni kwamba zilikuwa halali mno!

Nani alimwokoa? Jirani. Alikuwa na deki ya Kichina isiyo na jina la maana, ya bei poa, imefungwa raba ili mlango usidondoke. Ile ikachezesha zote 14 bila kuuliza. Mchina hachagui. Kwa hiyo mwenye deki ya gharama akabaki anatazama ukuta, na mwenye deki ya bei poa akajaza watu barazani. Tangu siku ile nimekuwa na swali kichwani: kufuli hili limewekwa kwa ajili ya nani?

Maana mwizi halimsumbui. Sote tunazijua zile DVD za mtaani zenye filamu 20 ndani ya sahani moja. Zinacheza kwenye deki yoyote. Hazina namba ya eneo, hazina onyo, ukibonyeza tu filamu imeanza. Nunua halali sasa: unakalishwa chini kama mtoto mtoro, unasomeshwa tangazo refu la kukataza wizi, na ukitaka kuliruka, deki inakataa. Yaani anayeonywa asiibe ni yule aliyelipa. Aliyeiba yeye hata tangazo halioni. Jamani, hii haki ya wapi?

Na kufuli lilivunjwa zamani. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Norway, Jon Lech Johansen, hata miaka 17 hajafikisha, alitoa na wenzake programu ya kufungua sahani za DVD kwenye kompyuta. Akafikishwa mahakamani, na mwaka 2003 akaachiwa huru, mara mbili, kesi na rufaa. Mahakama ilisema mtu ana haki ya kuifikia filamu aliyoinunua mwenyewe. Mwizi ufunguo anao tangu hapo. Aliyebaki nje ya mlango ni kaka yangu na DVD zake 14.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Wazazi wangu walioana Mikindani mwaka 1996. Mpiga video aliitwa kutoka mjini, jenereta likakodiwa, na ukapatikana mkanda mmoja wa VHS wa saa tatu. Baba alifariki mwaka 2003. Nilikuwa na miaka mitano. Picha zake ninazo, lakini sauti yake siikumbuki. Sauti ya baba yangu imo ndani ya ule mkanda tu, pale anaposimama kuwashukuru wageni.

Deki yetu ilikufa zamani. Mkanda mama akautunza ndani ya sanduku, kaufunga khanga, lakini hewa ya bahari haina adabu. Ukungu mweupe ukaanza kuingia pembeni. Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi naijua sauti ile. Wewe huijui. Fanya upesi." Tukaenda kwa fundi mmoja mjini ambaye ana mashine ya kuhamisha mikanda kwenda kwenye DVD. Kijana mstaarabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumekuletea mgonjwa."

Akausafisha taratibu, akautia, picha ikatoka! Inatetemeka, ina mistari, lakini watu wanaonekana. Mama akashika mdomo. Fundi akabonyeza kurekodi. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba mkanda huu umelindwa, hairuhusiwi kutoa kopi.

Fundi akarudia. Jibu lile lile. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wanasemaje?" Nikamwambia, "Mama, inasema huu mkanda ni mali ya watu." Akanitazama, akaitazama mashine. "Mali ya watu gani? Yule pale si mimi?"

Fundi alitueleza, na baadaye nimejisomea mwenyewe nikaona ni kweli. Mashine hizi za kurekodi zimefundishwa kulitambua lile kufuli la Macrovision. Zikiona mawimbi yamekaa vibaya kwenye ile sehemu ya juu ya picha, zinagoma. Sasa mkanda uliochakaa, uliovutika na kupata ukungu, mawimbi yake nayo yanayumba. Mashine haijui kutofautisha uzee na kufuli. Inaona mtetemo, inasema huyu ni mwizi wa filamu. Mkanda wa harusi ya Mikindani, wenye ngoma na bi harusi aliyeinamisha kichwa, umefananishwa na filamu ya Hollywood!

Kipo kifaa cha kunyoosha mawimbi ya picha kabla hayajafika kwenye mashine, lakini ni ghali, na fundi wetu hana. Akajikuna kichwa, kisha akafanya Kiswahili. Akazima feni, akafunga dirisha, akasimamisha simu yake mbele ya luninga juu ya kopo la rangi, akarekodi kioo. Saa tatu nzima tumekaa kimya watu watatu kama tuko msibani. Bodaboda akipita nje, anaingia kwenye harusi. Jogoo akiwika, kahudhuria.

Ilipofika zamu ya baba, nikamsikia. Sauti nyembamba kuliko nilivyodhani, na ana haraka. Akasema anawashukuru wote waliochangia, na wale ambao hawakuchangia ila wamekula sana, nao anawashukuru. Watu wakaangua kicheko, na mama naye akacheka pale kwenye stuli ya fundi, kisha akacheka tena na machozi yanamtoka. Nilichonacho leo kwenye simu ni kopi ya kopi, rangi zimefifia na kivuli cha fundi kinapita. Ndiyo niliyonayo, na sitaki masihara nayo.

Wasanii wetu wasinielewe vibaya. Sisemi watu waibiwe. Mtu anakesha kutengeneza filamu, kesho yake inauzwa kwa bei ya karanga na yeye hapati kitu. Hilo ni dhuluma. Ndiyo maana tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliyoizaa COSOTA. Ndiyo maana mwaka 2013 TRA ikaleta stempu za kodi za kubandika kwenye kazi za filamu na muziki, ili mnunuzi ajue ipi halali na ipi ya wizi. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Mwizi atafutwe pale anapochapa sahani elfu kwa elfu. Lakini sheria hiyo hiyo ya 1999 inatambua kwamba mtu anaweza kutoa nakala ya kazi aliyoipata kihalali kwa matumizi yake mwenyewe binafsi. Sheria ina macho, inatofautisha biashara na sebule. Kufuli halina macho. Kufuli halisomi sheria.

Na mnisamehe, lakini hata utamu wa video zetu ulitokana na watu kuweza kuishika filamu na kuifanyia kitu. Kina Lufufu na DJ Mark wa Dar es Salaam waliingiza sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakazisimulia kwa Kiswahili. Bibi yangu ambaye Kizungu chake kinaishia kwenye "gudimoni" akawa anamjadili Rambo kama mjukuu wake. Wenye filamu walilipwa? Hapana, na hilo lina mjadala wake. Lakini nani kati yao aliwahi kufikiria kumletea bibi wa Mikindani filamu anayoielewa?

Utasema dada, hayo ya zamani, sasa hivi tuna flashi na simu. Hata! Kufuli limehamia tu. Filamu unayoipakua ndani ya programu ya simu, ukiacha kulipia haifunguki tena. Kipindi ulichorekodi ndani ya king'amuzi hukitoi kukipeleka kwenye flashi. Na wapiga video wa harusi wa siku hizi nao wamejifunza: anakukabidhi video, jina lake na namba yake ya simu vimepita katikati ya uso wa bi harusi mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka safi, ongeza hela. Ukitaka kopi ya shangazi, ongeza hela. Miaka kumi baadaye mpiga video kahamia Masasi, kompyuta yake imeungua, na harusi yako imekwenda nayo.

Kwa hiyo nina ushauri wangu mdogo, wa mtoto wa kidato cha nne, wenye masikio wasikie.

Kwanza, ukiagiza DVD kwa ndugu wa Oman au Sauzi, mwambie atazame nyuma ya kasha. Kuna alama ya dunia yenye namba ndani. Ikiwa 5, au imeandikwa maeneo yote, alete. Ikiwa nyingine, muulize kwanza jirani mwenye deki ya Kichina.

Pili, ukimkodi mpiga video, kubalianeni kabla ya kulipa, tena kwa maandishi: utapewa video nzima, safi, isiyo na jina usoni, kwenye flashi yako. Harusi ni yako, uso ni wako.

Tatu, na hili ndilo la haraka, toa mikanda ya VHS sandukuni sasa hivi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki ni zile zile, kila moja inayokufa haina mrithi. Mkanda usimamishe wima kama kitabu, mahali pakavu, mbali na dirisha la upande wa bahari. Ukiona ukungu usiuchezeshe, mpelekee fundi ausafishe kwanza. Ukishahamisha, weka kopi nyumba mbili tofauti.

Nne, filamu ya Kitanzania inunue halali. Ukidai haki yako ya mnunuzi, mpe na msanii yake.

Kwa wale wanaotengeneza makufuli huko mbali, najua gazeti hili haliwafikii. Lakini kama likiwafikia kwa bahati, likiwa limefungiwa maandazi, nawauliza swali la mama yangu: mali ya watu gani?

Nasikia wapo wenye mikanda ya jando, ya maulidi, ya mechi za uwanjani, inaoza kimya kimya. Niandikieni mnieleze imewagomea vipi. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, nitarudi kwenye vitenge.